Kathuri na Pula ya Miguu Mitatu

Katika safu ya mabanda ya mafundi pale Makutano, Meru, hakuna aliyemwita Kathuri kwa jina lake tupu. Waliompenda walimwita mtoto wa mwalimu. Waliomchukia walimwita hivyo hivyo, ila walibinua midomo kidogo. Baba yake, marehemu Mwalimu Mwirigi, aliwafundisha kusoma nusu ya wazee wanaotembea mjini leo, na alizikwa bila mtu yeyote kumnyooshea kidole. Watoto wengine wa nyumba hiyo waliingia maofisini. Kathuri peke yake ndiye aliyeshika spana, na kwa kuwa watu walisema ameshuka, alijiwekea sheria kali kuliko za ndugu zake wote. Ovaroli yake ilipigwa pasi. Spana zilining'inia ukutani kwa ukubwa, kama wanafunzi mstarini. Hakunywa, hakutukana, na hakumsalimu mtu aliyemdharau.

Aliyemdharau kuliko wote alikuwa Gikunda, fundi wa banda la tatu kutoka lake. Gikunda alitengeneza kila kitu kwa nyundo. Miaka mitatu nyuma, mbele ya wateja wawili, alisema kwamba Kathuri huwauzia watu jina la baba yake, kazi ni nyongeza tu. Watu walicheka. Tangu siku hiyo Kathuri hakumjibu salamu, wala hakupita mbele ya banda lake. Alipotaka kwenda kununua chai alizunguka nyuma, kwenye matope, na viatu vyake vilivyopakwa rangi.

Sasa, katika safu ile kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyekumbuka ilianzishwa na nani. Mashine ikitoka mikononi mwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine, yule wa pili halegezi hata nati moja kabla ya kumwita wa kwanza. Wanaitazama pamoja mchana peupe. Wa kwanza anasema alichokigusa na alichokiacha, kisha anaondoka. Hata maadui walifanya hivyo: mtu alikuja, akasimama mikono kifuani, akasema maneno manne, akarudi kwake. Desturi hiyo iliwaepusha wengi na ngumi.

Jumanne asubuhi Gatwiri, mkulima wa nyanya kutoka Giaki ambaye watu humwita Mama Kajuju, alishusha pampu yake ya maji mbele ya banda la Kathuri. Ilikuwa ya injini ndogo ya petroli, ya zile zinazobebwa na mtu mmoja. Gatwiri hakusalimu. Alisema pampu imekaa kwa Gikunda siku tano, kila akipiga simu anaambiwa kesho, na leo amekwenda akakuta mtu anaipiga nyundo kama anayepasua kuni, basi ameinyakua. Nyanya zake zilikuwa zimetoa maua. Zikikosa maji wiki hiyo, maua yangeanguka na msimu ungekwisha hapo hapo.

"Nimekuletea wewe kwa sababu ya nyumba unayotoka," alisema. "Kama nilitaka fundi tu, wamejaa hapa."

Kathuri alivuta kamba ya kuwasha. Injini ikarusha mkono wake nyuma kwa nguvu. Akajua kilichokatika: kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia magneti, yaani lile gurudumu zito lenye sumaku, lisiteleze kwenye shafti. Kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili. Kazi ni kuling'oa gurudumu lenyewe, kwa maana hubana kwenye shafti kana kwamba limezaliwa nalo. Ncha ya shafti ilikuwa imepondeka kwa nyundo ya Gikunda. Kathuri aliiona, akatabasamu, na hakumwita Gikunda. Amwite kwa nini, baada ya miaka mitatu? Alimwambia Gatwiri arudi saa tisa, kisha akainyoosha ncha ile kwa tupa, jino kwa jino, mpaka nati ikapita.

Alikuwa na pula, kifaa cha kung'olea gia na magurudumu ya aina hiyo, lakini meno ya skrubu yake ya katikati yalikuwa yamelika. Ilimbidi anunue nyingine. Akafunga banda akateremka Majengo.

Duka la vifaa alilolijua lilikuwa karibu na msikiti, na nyuma ya kaunta alikaa Ebla, mwanamke wa makamo mwenye hina kwenye kucha na sauti isiyopanda wala kushuka. Madereva wawili walikuwa wakisubiri vitu vyao. Kathuri akaonyesha kidole kwenye pula kubwa ya miguu mitatu iliyoning'inia ukutani, nyeusi, nzito, yenye kucha zilizojikunja kama za mwewe.

"Ya kutoa nini?" Ebla akauliza.

Kathuri akasema ni ya injini ya pampu.

"Gia au magneti?"

"Nataka ile kubwa."

"Mzee, sijakuuliza unataka gani. Nimekuuliza unatoa nini."

Madereva wakanyamaza ili wasikie vizuri. Kathuri akasema magneti. Ebla hakuinuka kuishusha ile kubwa. Alifungua droo, akaweka juu ya kaunta kipande cha chuma bapa chenye mianya miwili, skrubu katikati na bolti chache kwenye mfuko wa nailoni. Kilionekana kama kitu cha kuchezea. Alieleza, bila kumtazama, kwamba pula ya miguu ni ya gia na puli, vitu vya chuma kinene ambavyo kucha zinaweza kushika kwa nyuma karibu na katikati. Magneti za injini hizi za siku hizi ni za alumini, na ukingo wake ni mwembamba. Ukizivuta kwa ukingo zitapasuka. Ndiyo maana waliozitengeneza waliacha matundu mawili yenye meno karibu na kitovu: unafunga bolti humo, unavuta kutoka katikati.

Kila neno lilikuwa la kweli, na Kathuri aliyasikia yote kama matusi. Yeye alijifunza kazi Gachoka, kule Mbeere, chini ya mzee Ndambiri, na Ndambiri aling'oa magneti mia kwa pula ya miguu bila kuvunja hata moja. Kwamba injini za Ndambiri zilikuwa za zamani, na magurudumu yake ya chuma cha kumwaga kwenye kalibu, kizito kama mawe ya kusagia, hilo halikumjia. Lililomjia ni kwamba mtu asiyewahi kufungua injini alikuwa anamfundisha mtoto wa Mwalimu Mwirigi mbele ya madereva.

"Dada, nimekuja kununua," akasema. "Sikuja shule."

"Shule ungelipa karo. Hapa unafundishwa bure na bado unakataa."

Dereva mmoja akakohoa ili asicheke. Kathuri akarudia kwamba anataka ile kubwa. Ebla akaishusha, akaifuta vumbi, akaisukuma mbele yake.

"Chukua. Ikishapakwa grisi hairudi hapa. Na usiende kusema popote kwamba ni Ebla aliyekuchagulia."

Saa sita na nusu Kathuri alikuwa amebana injini kwenye vaisi. Alirudisha nati ikae sawa na ncha ya shafti ili isiharibike, akapaka grisi kwenye skrubu, akapanga miguu mitatu kwenye ukingo, umbali sawa, kwa uangalifu aliofunzwa. Kila alichokifanya kilikuwa safi. Akakaza. Gurudumu halikutikisika. Akakaza tena, robo mzunguko, kisha robo nyingine. Mtu mwenye subira angesimama hapo akauliza chuma kinamwambia nini. Lakini alikuwa bado anasikia kikohozi cha yule dereva, akaweka uzito wa mwili wote kwenye spana. Ikasikika sauti kavu, kama muwa unapovunjwa gotini. Mapanga matatu ya gurudumu, yale mabapa ya kupuliza hewa, yalidondoka sakafuni, na ufa ukatembea kutoka ukingoni mpaka kitovuni.

Kitovu chenyewe kilikuwa hakijasogea hata unywele. Kando yake yalikuwepo matundu mawili madogo, yamejaa grisi kavu na vumbi.

Jirani yake Kinyua, mziba magurudumu, alikuja akachungulia. Kinyua alikuwa mtu wa mdomo mrefu, lakini alimheshimu Kathuri, au alimwogopa. Alitazama mapanga yaliyolala chini, akatazama ncha ya shafti, akapiga mbinja.

"Hiyo ncha si imepigwa nyundo?" akasema. "Basi una shida gani? Gikunda alipasua, wewe ukamalizia kufungua. Nani hapa atabisha? Hata mama yake Gikunda atakubali."

Kathuri aliokota yale mapanga matatu akayapanga juu ya meza. Neno la Kinyua lilikuwa limeingia, na lilikuwa tamu. Lilimlipizia miaka mitatu ya kuzunguka kwenye matope. Tena lililinda kile alichokiita jina la nyumba, na kwake jina la nyumba halikuwa mchezo; alipokuwa mdogo baba yake aliwahi kumrudisha dukani kilomita nne, peke yake, kwa kibiriti kimoja alichopewa zaidi kwa makosa. Kathuri alilikumbuka jambo hilo, akaliweka kando haraka, kama mtu anayegeuza picha iangalie ukuta.

Gatwiri hakungoja saa tisa. Alifika saa nane, soko likiwa limemwudhi, na kitu cha kwanza alichokiona ni gurudumu lililopasuka. Akainama. Akaona ncha ya shafti, imenyooshwa kwa tupa lakini bado na makovu. Hakuuliza mtu.

"Niliona kwa macho yangu," akasema. "Niliona akipiga."

Akatoka. Kathuri alimsikia kabla hajafika banda la tatu. Gatwiri hakuwa mwanamke wa kupiga kelele ovyo. Alipanga maneno kama anayepanga nyanya kwenye kreti, yale mabivu juu. Alimwambia Gikunda kwamba ni mharibifu, kwamba hata mikono ya kushika jembe hana, kwamba yeye ni katibu wa kikundi cha wakulima Giaki chenye pampu arobaini na hakuna hata moja itakayokanyaga tena mlango wake. Watu wakatoka mabandani. Mwenye chai akaacha chai.

Gikunda alikanusha. Alikubali kwamba aligonga ncha. Magneti, alisema, aliiacha nzima. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu kweli ilimkuta mtu ambaye hakuwa ameizoea. Ndipo akawapita watu wote, akaja kusimama mbele ya Kathuri, jasho likimtoka.

"Mtoto wa mwalimu," akasema, "mbona hukuniita?"

Safu nzima ikasikia swali hilo, na kila fundi alijua uzito wake. Kathuri alitazama meza.

"Aliniita mimi," Kinyua akasema haraka, akitaka kusaidia. "Nilikuwepo."

"Wewe ulifungua hii pampu lini? Nyamaza, mtu wa viraka." Gikunda hakuondoa macho kwa Kathuri. "Nakuuliza wewe. Mbona hukuniita?"

Gatwiri alikuwa amefika nyuma yake. "Akuite akufanyie sherehe?" akasema. "Huyu anatoka kwa Mwalimu Mwirigi. Baba yake alinifundisha darasa la tatu. Mtu wa nyumba ile hawezi kukivunja kitu cha mtu halafu akae kimya. Toka hapa kabla sijaita watu."

Labda angesema maneno mengine, Kathuri angevumilia. Alikuwa amekwisha kuvumilia mengi mchana ule. Lakini jina la baba yake lilikuwa limechukuliwa kama kitambaa, linapangusiwa grisi mbele ya umati, na Kathuri mwenyewe ndiye aliyelitoa. Hasira ilimpanda, na haikuwa ya kujionea huruma. Ilikuwa ya kumchukia Gatwiri kwa kumwamini, kumchukia Gikunda kwa kuwa na haki, na kumchukia Kinyua kwa uongo wake mwepesi.

"Mwache," akasema. "Ni mimi."

Gatwiri akadhani hakusikia vizuri.

"Ni mimi niliyeivunja. Nilinunua pula isiyofaa nikaivuta kwa ukingo. Huyu Gikunda ni fundi mbaya, na nitasema hivyo mpaka nife, lakini hii si yake. Na sikumwita."

Hakuna aliyecheka. Gikunda alifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Sasa unataka nikushukuru?"

"Sitaki chochote kutoka kwako."

"Vizuri. Kwa sababu hutakipata." Akageuka kwa umati, akainua sauti ili hata wa mbali wapate fungu lao. "Mmesikia? Waliosoma wanavunja kwa pula. Sisi wajinga tunavunja kwa nyundo. Tofauti ni ovaroli tu."

Hapo walicheka, na Kathuri akasimama katikati ya kicheko hicho akakipokea chote. Gatwiri hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Kathuri aliona kwamba jambo lililomchoma halikuwa gurudumu.

"Uliniacha niende kwake," akasema taratibu. "Ulinisikia. Nilimtukana mtu mbele ya soko zima, na wewe ulikuwa umekaa hapa unanisikiliza."

Kathuri alimwambia kwamba nyumbani kwake kuna mashine ya kukata majani ya ng'ombe, injini yake ni ndugu ya hii, na kwamba atang'oa gurudumu la hiyo alifunge kwenye pampu. Alhamisi saa nne pampu itakuwa inavuta maji. Gatwiri alisema Alhamisi atakuja na watu wa kikundi, na atasimama juu ya kichwa chake mpaka bolti ya mwisho.

Kwa hiyo Jumatano, baada ya kuupanua ule ufa kwa patasi mpaka kitovu kikaachia shafti, Kathuri alirudi Majengo na gurudumu lililopasuka ndani ya gunia. Hakuwa na nafasi ya kukosea mara mbili: akivunja na la kwake, hapakuwa na jingine la haraka katika mji huo, na maua ya nyanya hayakujua kusubiri. Ebla alimwona tangu mlangoni. Aliwahudumia watu watatu waliofika baada yake, akampimia wa nne misumari, akajibu simu. Kathuri alisimama. Dukani mlikuwa na kiti, lakini hakukaribishwa kukikalia.

Hatimaye Ebla akanyoosha mkono, akachukua gurudumu, akaligeuza.

"Kwenye ukingo," akasema.

"Kwenye ukingo," Kathuri akakubali.

"Na wewe ndiye uliyesema hukuja shule."

Ebla akasafisha yale matundu mawili kwa ncha ya bisibisi, akajaribu bolti moja, ikaingia mizunguko miwili ikagoma, akaitupa. Ya pili iliingia kwa vidole vitupu mpaka mwisho. Alimwonyesha kwamba bolti lazima ziingie zote kwa urefu sawa, la sivyo chuma bapa kitainama na kuvuta upande mmoja. Alikataa pula ya kwanza aliyoitoa mwenyewe, kwa sababu ilikuwa ya chuma cha kumwaga na meno ya skrubu yake yalikuwa makubwa. Akachukua nyingine ya chuma cha kufua, yenye meno membamba. Meno membamba, alisema, huvuta polepole na kwa nguvu zaidi, na humpa mtu mwenye haraka muda wa kufikiri. Hilo la mwisho alilisema akimtazama usoni. Kathuri alipouliza kama anaweza kubadilishana na ile ya miguu mitatu, Ebla alimwita mteja aliyefuata.

Alhamisi saa tatu Kathuri alianza na injini ya kwake, mbele ya banda, juani. Gatwiri alikuwa amekuja na wanakikundi wawili, wamesimama bila kukaa. Gikunda alikuwa ameitwa safari hii. Alikuja mikono kifuani, akasema aligonga ncha mara sita na kujaribu bisibisi upande mmoja, basi. Badala ya kuondoka, kama desturi ilivyotaka, alibaki.

Kathuri alifunga bolti mbili kwa vidole, akapima urefu kwa rula, akarekebisha moja. Akakaza skrubu ya katikati mpaka ikawa ngumu, akasimama. Mtu mmoja nyuma akasema nyundo iko wapi. Kathuri akakaza robo. Akangoja. Jasho lilimdondoka kwenye alumini. Akakaza nusu ya robo, na gurudumu likaachia kwa mlio mfupi, likamlalia mkononi, zima, na mapanga yake yote.

Hakuna aliyepiga makofi. Alitia kipande kipya cha chuma mahali pake, akalifunga gurudumu kwenye pampu, akavuta kamba. Mara ya pili injini ikanguruma, sauti moja, bila kukwama. Nyumbani ng'ombe wake watatu wangekatiwa majani kwa panga mpaka apate gurudumu jingine, na mke wake alikuwa amekwisha kumwambia asubuhi ile, bila kuchagua maneno, panga hilo litashikwa na nani.

Wanakikundi wakaipakia pampu kwenye Probox. Gatwiri alibaki nyuma kidogo. Gikunda na wengine walikuwa karibu, na hawakujisumbua kujifanya hawasikilizi.

"Nikuulize," akasema. "Juzi, kama nisingemtaja baba yako, ungesema?"

Jibu zuri lilikuwa karibu, na kila mtu pale angelipokea. Kathuri alilitafuta ndani yake akaona si lake.

"Sijui," akasema.

Gatwiri alimtazama kama anayepima nyanya isiyojulikana imeiva au imeoza. Kisha akasema kikundi kitaambiwa yote, la pula na la kimya, na kila mmoja atajiamulia wapi apeleke pampu yake. Hakumpa mkono. Akaingia mbele ya gari, akavuta mlango, na gari likaingia barabara ya Giaki.

Lilipokwisha kupotea ndipo Kathuri alipopata jibu jingine, refu na lenye heshima, la namna ambayo baba yake angelitoa. Lakini hapakuwa tena na mtu wa kumpa, na waliobaki walikuwa wamekwisha kusikia lile la kwanza.